Makaa Ndani ya Nyumba

Redio ya Wakonyo ilianza kutangaza baridi ya Amerika siku ya Ijumaa, naye akaisikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za matanga ya kijiji cha mbali. Theluji na mvua ya barafu, mtangazaji alisema, kutoka Texas hadi New York, wikendi yote. Ndege zimezuiwa kuruka, barabara zimefungwa, watu wameambiwa wasitoke majumbani. Wakonyo alikuwa ameinama chini ya ng'ombe wake akikamua. Ilikuwa Januari, na jua la Mweiga lilikuwa limekausha malisho mpaka yakawa rangi ya katani. Shida yake yeye ilikuwa maji. Baridi ya watu wa huko ilimfika masikioni tu, haikushuka moyoni.

Hata hivyo alikuwa na mtu huko. Bintiye wa pekee, Ngendo, aliishi pembezoni mwa mji wa Nashville, katika jimbo la Tennessee, na huu ulikuwa mwaka wa nne tangu aende. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee. Mumewe, Mugo, kijana wa Kiganjo, aliendesha lori refu, leo jimbo hili, kesho lile. Walikuwa na watoto wawili: Warigia, aliyekuwa ameanza shule, na Mwai, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kukimbia.

Jumamosi jioni Ngendo alipiga simu, na sauti yake ilikuwa na uchangamfu wa mtu aliyepata likizo bila kuiomba. Kazini walikuwa wamemwambia asije. Mvua ilikuwa inanyesha na kuganda papo hapo. Matawi ya miti nje yalikuwa yamevaa barafu kama vioo.

"Na Mugo je?" Wakonyo aliuliza.

"Mugo amekwama Oklahoma. Wamefunga barabara, analala kwa lori. Anasema hata huko ni hivyo hivyo. Mum, hii nchi ni kubwa aje, na yote imeganda."

Walicheka. Warigia alipewa simu akamsalimu nyanya yake kwa Kigikuyu chake cha kuvunjikavunjika, akauliza kama ng'ombe wanavaa sweta. Wakonyo alilala akiwa ametulia kabisa.

Asubuhi ya Jumapili, alipokwisha kupeleka maziwa barabarani na kuoga, alikaa jikoni na kikombe cha chai, amevaa tayari nguo zake za kanisa. Simu ikalia. Huko Tennessee usiku ulikuwa umeiva.

"Mum, uko?"

"Niko. Mbona unaongea polepole hivyo?"

"Watoto wamelala. Stima imepotea tangu jioni, miti imeangukia waya. Hita haifanyi kazi. Mum, sijawahi kuona baridi kama hii. Ukipumua unaona moshi, na uko ndani ya nyumba."

"Mmejifunika?"

"Na kila kitu. Blanketi, makoti, hata mapazia nimetoa. Tumeingia chumba kimoja sisi watatu. Mlango nimeziba na taulo hapo chini, dirisha nimeziba na nguo, hakuna mahali upepo inaweza kupita."

"Umefanya vizuri."

"Na nimeingiza ile jiko ya Mugo ya kuchoma nyama. Nimewasha makaa. Sasa ni afadhali. Ni kama vile ulikuwa unatuwekea jiko hapo jikoni mwezi wa saba, tukitoka shule tumenyeshewa. Unakumbuka?"

Wakonyo alicheka. Aliwaona kabisa, Ngendo na watoto wa majirani, soksi zao zikitoa mvuke, magoti yamelizunguka jiko. "Nakumbuka. Mlikuwa mnasukumana mpaka mnataka kuchomeka."

"Simu yangu inaisha chaji. Nilitaka tu usikie sauti, usiogope ukikosa kunipata."

"Lala, mami," alisema, kwa jina lile alilombembeleza nalo tangu utotoni. "Jipashe moto. Mungu awalinde."

Simu ikakatika.

Wakonyo alimaliza chai yake. Akafunga kitambaa kichwani, akaitia Biblia mkobani. Kisha akafanya jambo alilolifanya kila siku kabla ya kutoka: akalishika jiko kwenye mpini wake wa waya, akalitoa nje, akaliweka uani ili makaa yajifie huko kwenye upepo. Aliponyoosha mgongo, mkono bado umelishika, mwili wake wote ukasimama.

Makaa. Chumba kilichozibwa mlango na dirisha.

Hii desturi ya kutoa jiko nje hakuzaliwa nayo. Ilimwingia mwezi wa Julai wa mwaka juzi, wakati wa ukungu ule usioinuka hata saa sita mchana, baada ya kaka yake Kinyua na mkewe kukutwa wamekufa katika chumba chao cha kupanga pale Kiganjo. Nyumba nzuri ya mawe, dirisha la kioo, mlango wa chuma. Walikuwa wameingiza jiko wapate kulala na joto. Asubuhi walionekana kama watu waliolala tu, na mashavu mekundu kama waliotoka juani. Wakonyo ndiye aliyemwosha wifi yake. Tangu siku ile aliwaambia akina mama kanisani, aliwaambia sokoni: makaa yana pumzi isiyonusika wala kuonekana, inamlaza mtu usingizi na haimwamshi.

Alimwambia kila mtu ila Ngendo. Wakati huo Ngendo alikuwa na mimba kubwa ya Mwai, naye Wakonyo akaona si vyema kumtia hofu. Alimwambia tu mjomba wake amefariki usingizini, na mkewe hakuchukua muda akamfuata.

Na leo Ngendo alipotaja makaa, yeye aliona jiko lile la kale jikoni mwa mabanzi, mlimokuwa na mianya ambayo jua na upepo vilipita vikipenda. Akacheka. Akamwambia jipashe moto.

Alipiga. Mwanamke wa simu akamwambia mteja hapatikani. Akapiga tena, na tena, vidole vikiteleza. Akatuma sauti: "Ngendo, toa hiyo jiko! Fungua mlango! Ngendo, amka!" Alama ikabaki moja, ujumbe haujafika. Akampigia Mugo; simu ya Mugo haikuita kabisa. Akamtumia naye ujumbe, ukabaki na alama moja vilevile. Hapo Wakonyo akakimbia. Alipita kwenye shamba la viazi la jirani, akavuka mfereji, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope la ng'ombe, naye hakukirudia.

Kanisani walikuwa katikati ya wimbo. Aliingia mguu mmoja bila kiatu, akapita mpaka mbele, na wimbo ukafa mstari kwa mstari kadiri watu walivyomwona.

"Nani ako na mtoto Tennessee?" alisema. Hakuweza kupata pumzi. "Ngendo amejifungia na makaa. Yeye na watoto. Amelala. Nani ako na mtu huko?"

Hakuna aliyeuliza makaa yana nini. Wote walikuwa wamezika Kinyua. Mchungaji mwenyewe alikuwa wa kwanza kutoa simu mfukoni. Watu wakasimama, wengine wakatoka nje kutafuta mtandao, na uwanja wa kanisa ukajaa sauti za watu waliokuwa wakiwaamsha watoto wao upande wa pili wa dunia.

"Wangu ako Boston."

"Wetu ni Seattle, hiyo ni mbali?"

"Dallas. Anasema hata yeye hana stima."

Amerika ilikuwa kubwa, kila mmoja aligundua asubuhi ile ilivyo kubwa. Kijana wa Dallas ndiye aliyejaribu kusaidia. Aliwapigia watu wa dharura, wakamzungusha, mwishowe akapata ofisi ya Tennessee. Beth, mama yake, mwenyekiti wa chama cha akina mama, alimletea Wakonyo simu mbio.

"Wanauliza address," Beth alisema. "Barabara gani? Nyumba namba ngapi?"

Wakonyo alifungua mdomo. Alijua rangi ya mazulia ya nyumba ile. Alijua kwamba jokofu lao hupiga kelele, kwamba Warigia alichora ukuta karibu na bafu, kwamba jirani wa chini ana mbwa mwenye jicho moja. Mambo hayo yote alikuwa ameyaona kwenye simu. Mahali nyumba ilipo hakupajua.

"Ni Nashville," alisema.

"Mama Ngendo, Nashville ni mji mzima."

"Ni Nashville," alisema tena, akaketi chini pale pale. Beth akachuchumaa kando yake.

Ilikuwa pale, amekaa kwenye nyasi na mkono wa Beth umemzunguka, ambapo jina likamjia. Ngendo alipohama, kuna mtu aliyewasaidia kubeba vitanda. Mtu wa Nyeri. Walikutana naye dukani, wakasikiana kwa Kiswahili. "Mum, ni wa hapo Majengo kabisa," Ngendo alikuwa amesema. "Anaitwa Hamdan. Dada yake ni Zuena, ako na duka ya mabuibui hapo mjini." Wakonyo aliliona duka lile mara nyingi akipita. Hakuwahi kuingia.

Mzee Wambugu, mzee wa kanisa, alikuwa na gari dogo la kubebea maziwa. Hakungoja kuombwa. Beth akavua viatu vyake, akampa Wakonyo, yeye akabaki na soksi, akapanda naye nyuma. Njia yote ya Nyeri Wakonyo alipiga nambari ya Ngendo. Nje kulikuwa na jua jeupe, watu wamevaa mavazi ya Jumapili, watoto wanakula miwa kando ya barabara. Hakuna aliyekuwa akihisi baridi. Hilo ndilo lililomtia wazimu, kwamba mwanawe anaganda na yeye jasho linamtoka.

Duka lilikuwa wazi. Zuena alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, miwani usoni, anakunja mitandio juu ya kaunta. Aliwaona watu watatu wakiingia kwa kishindo, mmoja na soksi tupu, akadhani ni ajali.

"Dada," Wakonyo alisema, "wewe hunijui. Mimi ni mama ya Ngendo. Ndugu yako Hamdan, yule wa Amerika, anamjua msichana wangu."

"Ngendo wa Nashville? Hamdan amenitajia. Kuna nini, mama?"

Wakonyo alieleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, lakini Zuena alishika simu kabla hajamaliza. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. "Analala, huko ni usiku," alisema, "lakini simu haizimi kamwe, kwa sababu mama yetu ni mgonjwa." Akapiga mara nyingine, midomo ikinong'ona. Kisha sauti nzito ya usingizi ikajaza duka.

"Zuena? Mama ana nini?"

"Mama hajambo. Nisikilize, Hamdan. Unapajua kwa Ngendo? Amejifungia na jiko la makaa na watoto, simu yake imezima. Hewa ya makaa itawaua. Hapo pako mbali?"

Kisha wakasikia kitanda, mlango, vitu vikianguka.

"Namba siijui, lakini jengo nalijua," Hamdan alisema. "Liko nyuma ya kanisa la matofali, ghorofa ya pili. Nawapigia watu wa dharura, halafu naenda."

"Unaenda na nini?" Zuena aliuliza. "Si ulisema jana barabara zote ni barafu?"

"Nitajaribu gari."

Alipopiga tena, alikuwa akihema. Watu wa dharura walikuwa wamechukua jina la jengo, wakamwambia watakuja, ila miti imelala barabarani kila mahali na simu zao hazipumui. Gari lake lilikuwa limeteleza mpaka kwenye ua wa mtu, akaliacha. Sasa alikuwa kwa miguu. Nyuma ya sauti yake walisikia mlio kama wa bunduki, halafu mwingine.

"Ni nini hiyo?" Wakonyo alipaza sauti.

"Ni miti, mama. Barafu inaivunja." Hatua zake zilisikika zikivunja barafu. "Nakata simu, nahitaji taa yake. Mniombee."

Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya, na hicho ndicho kilikuwa kipande kibaya kuliko vyote. Zuena alivuta mlango wa duka nusu. Alimkalisha Wakonyo kwenye kiti cha wateja, akaleta chai ya tangawizi, nayo ikapoa. Mzee Wambugu alisimama nje na kofia mkononi. Beth aliomba kwa Kigikuyu, chini chini, sala isiyo na vituo. Mteja mmoja aliingia akitaka mtandio wa bluu, akaangalia nyuso zao, akarudi nyuma bila neno.

Wakonyo alikuwa akihesabu pumzi zake mwenyewe. Kila akivuta hewa alijiuliza, na wao? Alimwona wifi yake kwenye ubao wa kuoshea maiti, akamwekea sura ya Ngendo, akaitoa, ikarudi. Akamwekea ya Warigia. Akapiga paja lake kwa ngumi mpaka Beth akaushika mkono.

"Nilimwambia jipashe moto," alisema. "Nilikuwa naye kwa simu, Beth. Aliniambia ako na makaa, mimi nikacheka."

"Wewe nyamaza sasa."

"Nilicheka."

Alipoinua macho alimwona Zuena upande wa pili wa kaunta. Zuena hakuwa akilia, ila mikono yake ilikuwa ikikunja mtandio mmoja, ikiukunjua, ikiukunja upya. Hapo ndipo Wakonyo alipoelewa kwamba sasa kulikuwa na watu wawili wenye mtu wa kuhofia katika chumba hiki. Ndugu wa huyu mwanamke alikuwa nje usiku, juu ya barafu, chini ya miti inayovunjika.

"Nimemtoa ndugu yako kitandani," Wakonyo alisema. "Akiumia nitakuangaliaje?"

Zuena aliuweka mtandio chini. "Mama, hata usingenipata mimi, angemsikia mtu mwingine akiomba, angetoka. Tangu utotoni yuko hivyo. Alishatumbukia mto Chania akimfuata mbuzi wa jirani." Akajigusa juu ya jicho. "Alama ya jiwe anayo mpaka leo hapa kwenye nyusi."

Alizunguka kaunta, akakaa sakafuni karibu na kiti cha Wakonyo. Nje, upande wa msikitini, adhana ya adhuhuri ilianza, na Zuena hakuinuka.

Simu ilipolia aliishika kwa mikono miwili.

Mwanzo walisikia upepo tu, na mtoto. Mtoto alikuwa akilia kilio chembamba cha paka. Wakonyo alishuka kitini.

"Nimebisha, nimepiga mlango, hakuna aliyejibu," Hamdan alisema, meno yakigongana. "Nimepanda kwa roshani nimevunja kioo. Wote niko nao hapa nje kwenye ngazi. Majirani wametoka. Mama, unanisikia? Ngendo alikuwa ameanguka mlangoni, mkono kwenye kitasa. Nadhani aliamka akataka kufungua. Anapumua. Huyu mdogo ndiye analia, alikuwa amelala chini ya dirisha."

"Na Warigia?"

Walisikia Hamdan akipiga magoti.

"Msichana alikuwa karibu na jiko," alisema. "Nimemfunika na koti langu. Simsikii vizuri."

"Weka sikio kwa kifua," Wakonyo alisema. Hakujua sauti ile ilitoka wapi, ilikuwa kavu na tulivu. "Ondoa nguo, uweke sikio. Usiniambie usichosikia. Niambie unachosikia."

Duka zima lilisikiliza upepo wa Tennessee.

"Inagonga," Hamdan alisema. "Polepole sana, lakini inagonga."

Gari la wagonjwa halikuwa limefika. Jirani wa chini, yule mwenye mbwa, alikuwa na lori dogo na minyororo ya kufunga kwenye magurudumu. Aliwapakia wote wanne, Hamdan akimshikilia Warigia kifuani, akawapeleka hospitali akizunguka miti iliyoanguka. Hayo Wakonyo aliyajua baadaye. Wakati ule alisikia tu mlango wa gari ukifungwa, kisha simu ikakatika, naye akalala kifudifudi kwenye sakafu ya duka la mabuibui, na hakuna aliyejaribu kumwinua.

Zuena alimpeleka nyumbani kwake Majengo jioni ile, kwa sababu mtandao wa Mweiga ni wa kubahatisha, na habari zote zilikuwa zinapitia kwa Hamdan. Alimpa kitanda cha binti yake. Jumatatu ikapita. Mwai alikuwa ameanza kula. Ngendo alikuwa amefumbua macho na kuyafumba. Warigia alikuwa amewekwa katika mtambo unaomsukumia hewa safi mwilini, na madaktari hawakutaka kusema lolote. Mugo alikuwa bado njiani. Barabara moja ikifunguliwa, nyingine inafungwa.

Jumanne mchana Ngendo alipiga mwenyewe, kwa simu ya Hamdan. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekunywa mchanga.

"Mum."

"Mami. Mami wangu."

"Daktari anasema ni makaa. Anasema kila mtu anajua hiyo maneno. Mum, wewe ulikuwa unajua?"

Zuena alikuwepo chumbani. Aliinuka akatoka, akaufunga mlango polepole.

"Nilikuwa najua," Wakonyo alisema.

"Uliniambia nijipashe moto."

"Nilikuambia."

Akamwambia yote. Akamwambia Kinyua alivyokufa na mkewe, chumba chenye dirisha la kioo, mashavu mekundu. Akamwambia kwa nini hakusema wakati ule. Alipofika pale alipolitoa jiko uani na mkono ukasimama, aliishia hapo. Kwa mbali mashine ililia mara kwa mara.

"Ngendo?"

"Niko."

"Nisamehe, mami."

"Sijui, Mum," Ngendo alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kupita hasira. "Acha kwanza Warigia aamke. Saa hii siwezi kufikiria kitu ingine." Kisha akaongeza: "Hamdan anasema ulikimbia na kiatu moja."

"Ndiyo."

"Sawa," alisema, na akakata.

Wakonyo alirudi Mweiga siku iliyofuata, kwa maana ng'ombe hawangoji, na majirani walikuwa wamemkamulia vya kutosha. Alikuta bado hakujanyesha. Akakata nyasi kavu, akachota maji, na simu ilikuwa imefungwa shingoni mwake kwa utepe ambao Zuena alimpa, ili asiiache mahali popote. Hakusema sala ndefu tena. Aliposimama shambani alisema tu jina la mtoto, kisha akaendelea kukata.

Ijumaa simu iliita ikiwa na picha. Ilikuwa Mugo. Alikuwa amefika, ndevu zimeota, macho mekundu.

"Mum, ameamka," alisema, na uso ukamkunjamana. Akaigeuza simu.

Warigia alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Macho yalikuwa wazi, makubwa kuliko Wakonyo alivyoyakumbuka. Mkono wa kushoto ulikuwa ukitetemeka juu ya blanketi, na Ngendo, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda, aliufunika kwa wake.

"Cucu ndiye huyu, nyanya yako," Ngendo alimwambia. "Msalimu Cucu."

Mtoto aliangalia simu. Midomo ilisogea, ikatafuta, ikaacha. Hakuna kilichotoka.

"Daktari anasema maneno yanaweza kurudi," Mugo alisema kwa haraka. "Anasema watoto hupona. Itachukua muda. Hawajui ni muda gani."

"Asiharakishwe," Wakonyo alisema. Alikaa chini pale pale kati ya mistari ya viazi. Akamwambia Warigia kwa Kigikuyu kwamba ng'ombe yule mweusi amezaa ndama jike, ana doa jeupe kwenye goti, ni mkaidi, anakunywa maziwa mpaka anakohoa. Alimwambia jina bado hajampa. Alimwambia kuhusu kunguru anayeiba mahindi ya kuku. Aliendelea, jambo baada ya jambo, akiyaangalia macho yale, na hakuweza kujua kama yanamwona au yanaangalia mwanga tu.

Ngendo alikuwa amegeuza uso. Wakonyo alipoishiwa na maneno, binti yake alisema bila kumtazama, "Endelea, Mum. Mkono inatulia ukiongea."

Wakonyo akaufuta uso kwa ncha ya kitambaa. Kabla ya kuendelea aliomba jambo moja.

"Nionyesheni hiyo baridi," alisema. "Sijawahi kuiona."

Mugo alisimama, akaipeleka simu dirishani. Nje kulikuwa na uwanja wa magari, na juu ya kila kitu kulikuwa na weupe mzito, laini, jua likimetameta juu yake. Mtu aliyevaa koti jekundu alikuwa akimtembeza mbwa. Wakonyo aliutazama weupe huo kwa muda.

"Inatosha," alisema. "Nirudishe kwa mtoto."